Kailasa haikujengwa

Juzi tena. Tumesimama mbele ya Kailasa, hekalu la Kihindu ambalo ni pango namba 16 pale Ellora, India, mgeni wangu kutoka Dar akaniuliza: "Dada, haya mawe waliyapandishaje huko juu?" Swali hili nimeulizwa na wakubwa kwa wadogo, nimechoka kulijibu juani.

Hakuna jiwe lililopandishwa. Kailasa imechongwa. Mafundi wa karne ya 8 walianza juu kilimani, wakachimba mitaro mitatu, miwili ubavuni na mmoja nyuma, wakaliacha katikati bonge la mwamba wa volkano. Kisha wakashuka nalo wakichonga: kilele, paa, nguzo, na mwisho wale tembo wanaobeba hekalu chini. Hata daraja la kuingilia banda la Nandi, yule fahali wa mungu Shiva, ni mwamba uleule. Mwashi akikosea tofali analing'oa, anaweka jingine. Hawa hawakuwa na jingine. Aliyepiga tindo la kwanza kileleni ilibidi ajue sakafu itakuwa wapi.

Ndiyo maana nasema usianzie langoni. Panda kwanza njia ya kilimani iliyo pembeni, utazame kutoka juu, lakini kaa mbali na ukingo, maana genge ni la karibu mita 30. Utawaona simba wanne juu ya paa la ukumbi, waliochongwa kazi ikiwa bado mwanzoni. Halafu shuka, zunguka nyuma ya ua, sogeza uso ukutani. Alama za tindo zipo hadi leo, mistari mifupi mifupi. Na huku na huku kwenye hekalu yamebaki mabaka ya lipu nyeupe, kwa sababu lilipakwa.

Vitabu vinampa sifa mfalme Krishna I, basi. Mimi nina shaka kama ni kazi yake peke yake. Nakshi zinabadilika mtindo ukihama kona, na wapo wataalamu wanaosema ilipita kwa wafalme kadhaa. Naegemea kwao. Anayekutajia idadi kamili ya miaka, muulize ameipata wapi.

Mengine haraka. Ellora hufungwa Jumanne; Ajanta, mapango mengine yenye michoro ya ukutani, Jumatatu. Usizibane siku moja: kutoka mji wa Aurangabad, ambao sasa ni Chhatrapati Sambhajinagar, Ellora ni kilomita 30 hivi na Ajanta kama 100. Ajanta gari unaliacha njiapanda, unapanda basi. Vaa viatu vya kuvulika upesi, na flashi zima kabisa, maana michoro ile ilipakwa juu ya lipu kavu ya udongo na inabanduka. Juni hadi Septemba ni mvua, mawe yanateleza. Ellora inatazama magharibi, kwa hiyo picha za mbele piga alasiri.

Ukiwa na nusu siku tu Ellora, baada ya 16 nenda pango 10, ambalo wenyeji huliita la seremala. Dari lina mbavu kama boriti za mbao. Ziangalie vizuri: zote ni jabali.