Nguo Inayokubali Kurudi kwa Fundi

Alhamisi moja mwaka jana, bwana harusi aliingia dukani kwangu na koti jeusi likiwa bado ndani ya kava lake. Harusi ilikuwa Jumamosi. Shida yake aliiona ndogo: "Fundi, niachie kidogo hapa mgongoni, linanibana nikikaa." Nililigeuza ndani nje, nikafumua bitana, kile kitambaa cha ndani, kiasi cha kiganja, nikamwonyesha alichonunua. Mshono wa katikati ya mgongo ulikuwa umeachiwa kitambaa kisichofika sentimita moja kila upande, tena kimeshapigwa ovaloki na kukatwa sawasawa. Hapakuwa na cha kuachia. Bei aliyolipa ingetosha kununua kitambaa kizuri, kunilipa ujira wa kushona suti nzima, na bado angebaki na nauli ya teksi.

Nimeshona na kurekebisha nguo za kiume hapa Kariakoo kwa zaidi ya miaka ishirini. Wateja huniuliza kila mara nguo nzuri hutambulikaje, wakitarajia niwatajie jina la kampuni au nchi. Mimi huangalia jambo moja kabla ya mengine yote: je, aliyeitengeneza nguo hii alifikiri kwamba siku moja itafunguliwa? Mwili wa mwanamume hubadilika, kisigino huisha, kola huchanika pale inaposugua shingo, na mtengenezaji anayejua hayo huacha nafasi ya fundi kuingia. Asiyejali huifunga nguo kwa gundi na kuikatia kitambaa kwa ubahili, kwa kuwa hesabu yake inaishia pale unapotoka mlangoni.

Kwa hiyo anza na kitambaa kinachoachwa ndani ya mshono, ambacho mimi hukiita akiba. Geuza suruali utazame mshono wa nyuma, kuanzia kiunoni hadi chini ya makalio. Suruali iliyoshonwa kwa nia njema huwa na sentimita 3 au 4 za akiba kila upande wa mshono huo, hivyo mtu akinenepa inaweza kuongezwa bila alama kuonekana. Pindo la chini nalo liwe na sentimita 5 hivi zilizokunjwa ndani. Kwenye koti, papasa mshono wa mgongo na wa ubavuni kupitia bitana. Akiba ikiwepo, vidole vitaihisi kama ukanda mpana uliolala chini ya kitambaa. Mabegani ndipo usipodanganywa. Kiuno cha koti hupunguzwa na mikono hufupishwa kwa kazi ya saa chache, lakini bega likiwa pana kuliko lako, kulirekebisha ni sawa na kulishona koti upya, na fundi anayekuambia atalimaliza jioni hiyo hiyo hajakuelewa au anahitaji sana fedha yako. Simama wima, tazama mshono wa bega kwenye kioo: uishie pale mfupa wako unapoishia.

Jambo la pili kwenye koti ni kilichomo kati ya kitambaa cha nje na bitana, mahali ambapo mnunuzi hapaoni kabisa. Kifua cha koti husimama kwa sababu ya tabaka la katikati. Katika ushonaji wa zamani tabaka hilo ni turubai jepesi la sufu lililochanganywa na nywele za farasi, likishikizwa kwa mishono mingi iliyolegezwa kidogo ili lipate kucheza na mwili. Katika makoti mengi ya kiwandani ni kitambaa kigumu chenye gundi, kinachobandikwa kwa joto na mgandamizo. Kulijua koti lipi ni lipi ni rahisi. Shika kwa vidole viwili sehemu iliyo chini kidogo ya tundu la kifungo cha mwisho, uvute kitambaa cha nje upande mmoja na cha ndani upande mwingine. Ukihisi tabaka la tatu likielea katikati, umeshika koti lenye turubai. Ukihisi kitu kimoja kigumu kama kadibodi, limegandishwa.

Sisemi kwamba kila koti la gundi ni baya. Gundi za siku hizi ni bora kuliko zile nilizokutana nazo nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, na yapo makoti ambayo kifua chake kina turubai na sehemu ya chini imegandishwa, nayo huishi miaka mingi. Tatizo la gundi duni ni kwamba joto la pasi na dawa za dobi wa mashine huilegeza, kitambaa kikaachana na kilichomo ndani, na malengelenge yakatokea kifuani kama ya ngozi iliyoungua. Wateja huniletea makoti hayo nami huwarudishia kama yalivyo. Turubai lililolegea naweza kulifungua na kulishikiza upya kwa sindano, lakini gundi iliyoachia kifuani haina dawa ya kudumu.

Kuhusu kitambaa chenyewe, wengi husoma maandishi ya pembeni na kuridhika. Neno "Super" likifuatiwa na namba lina maana halisi katika biashara ya sufu: linaeleza wembamba wa unyoya. Super 100 ni sufu yenye unene usiozidi mikroni 18.75 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na Super 120 isiyozidi 17.75. Kadiri namba inavyopanda, kitambaa huwa laini zaidi, na pia huchoka upesi zaidi kwenye mapaja na viwiko. Kwa mtu anayevaa suti kazini mara mbili au tatu kwa wiki, akipanda daladala na kukaa kwenye kiti siku nzima, namba ndogo humfaa kuliko kubwa. Isitoshe, nimeshika majora yaliyoandikwa Super 180 pembezoni ambayo hayana hata unyoya mmoja wa kondoo. Muombe muuzaji uzi kutoka kwenye ncha ya kitambaa, uuchome kwa kiberiti mbali na jora lake. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua, na majivu yake husagika kwenye vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Vikichanganywa, utapata harufu na tone pamoja. Poliesta kidogo ndani ya suruali ya kazi si dhambi, kwa sababu huipa nguvu, lakini suti ya poliesta tupu mwezi wa Februari hapa Dar es Salaam ni adhabu, hasa ikiwa na bitana nzima ya poliesta vilevile. Ninayemshonea suti ya huku pwani humshauri sufu nyepesi ya gramu 250 hivi kwa mita, na bitana inayofunika mabega na mikono tu, mgongo ukiachwa upumue.

Msomaji ambaye fedha yake ni ya mitumba asijione yuko nje ya mazungumzo haya. Pale soko la Karume, Ilala, nimepata makoti ya sufu yenye turubai na akiba ya kutosha kwa bei ambayo dukani ingenunua shati moja. Linyanyue koti kwenye mwanga wa jua utazame kama nondo wamelitoboa, kisha kagua kwapa na upande wa ndani wa kola. Jasho lililokaa kwenye kwapa kwa miaka hula kitambaa, na bitana inaweza kubadilishwa lakini kitambaa cha nje hakibadilishiki.

Shati halihitaji maneno mengi. Hesabu mishono kwenye kola: mashati mazuri hufikia mishono 7 au 8 ndani ya sentimita moja, ilhali ya haraka haraka huwa na nusu yake. Ikiwa shati ni la mistari au la miraba, tazama kama mistari inakutana kwenye mfuko wa kifuani, kwa kuwa kuilinganisha kunakula kitambaa na muda, na mwenye haraka haifanyi. Kola iliyoshonwa kwa uzi bila kugandishwa kupita kiasi inaweza kufumuliwa ikichakaa, ikageuzwa, na upande uliokuwa umefichika ukaanza maisha mapya. Wazee wanaijua kazi hii. Vijana wengi huletwa kwangu na baba zao.

Kwenye viatu niliumbuka mwenyewe. Nilikuwa na jozi nyeusi niliyoitunza kabatini kwa ajili ya shughuli kubwa tu, nikaivaa kwenda harusini Tanga. Kabla chakula hakijaandaliwa, soli zilianza kumeguka kama keki, nikaacha vipande vyeusi kutoka mlangoni hadi kwenye kiti changu. Zilikuwa soli nyepesi za poliyurethani, ambazo unyevu wa hewa huzivunja taratibu hata kama kiatu hakivaliwi, na hewa ya pwani yetu ina unyevu wa kutosha. Kuvitunza sana hakukuvisaidia chochote. Tangu hapo natafuta viatu ambavyo soli yake imeshonwa kwenye utepe wa ngozi unaozunguka kiatu, ushonaji ambao Charles Goodyear Mdogo, mtoto wa yule aliyevumbua namna ya kuimarisha mpira kwa joto, aliupatia mashine huko Marekani katika karne ya kumi na tisa. Soli ya namna hiyo ikiisha, fundi viatu huifumua na kushona nyingine bila kuigusa ngozi ya juu. Angalieni vizuri, maana viwanda vingine huchora mishono ya bandia kwenye plastiki: uzi wa kweli huzama kwenye kijia chake, na ncha ya sindano huweza kuuinua kidogo peke yake. Ngozi ya juu nayo ikunje kwa dole gumba. Ikijikunja mikunjo midogo midogo isiyo na mpangilio na kurudi, ni ngozi. Ikifanya mkunjo mmoja mpana unaong'aa, kuna tabaka zito la rangi au plastiki juu yake, na hilo ndilo litakalobanduka.

Mkanda tazama pembeni, pale ulipokatwa, na ndani ya matundu. Ngozi moja nzima huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikamana. Mkanda wa mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa huonyesha tabaka kama mkate wa kuchambuka, na utakatikia kwenye tundu unalolitumia kila siku. Kisha geuza utazame bizimu imeshikwaje. Iliyofungwa kwa skrubu au vibonyezo hutoka na kurudi, nawe unaweza kuufupisha mkanda kutokea upande huo badala ya kuongeza matundu kwa msumari. Wangu wa kahawia nimeufupisha mara moja na kuurefusha mara moja, kufuatana na mwezi wa Ramadhani na ule unaofuata.