Paipu ya mafuta haivuji, kwani ina shida gani?

Wenye magari ya spoti ya zamani wengi wanasema hivi, kama haivuji na haijapasuka basi iache. Hapana jamani, hapo ndo tunapokosea. Mpira wa paipu unazeeka ukiwa umekaa tu hata gari lisitembee, na mara nyingi unaanza kuoza kwa ndani, haswa petroli ikiwa na ethanoli (aina ya alkoholi) na paipu ni ya enzi ambazo haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Ikunje taratibu karibu na klampu, injini ikiwa imepoa, uangalie vimistari vidogo vidogo kama udongo uliokauka, au ipanguse kwa kitambaa kisha ukinuse. Ukisikia petroli mpira umeshaanza kupitisha mvuke, na hapo chini kuna egzosti ya moto, we fikiria mwenyewe.

Jingine, paipu yoyote ya mafuta si sawa. Kabureta inatumia presha ndogo, chini ya ba 1 (ba ni kipimo cha presha), ila injekta inafika ba 3 hivi na mifumo mingine ya zamani inapita 5, kwa hiyo ya injekta tafuta iliyoandikwa SAE J30R9, hiyo ni alama ya kiwango cha paipu za mafuta, maana R7 ni ya presha ndogo. Ya kuzama ndani ya tenki ni R10, hizo nyingine zikizamishwa zinaanza kuzeeka upande wa nje kwa sababu hazikutengenezwa kulowekwa. Ukienda kubadilisha, toa presha ya mafuta kwanza, chomoa betri, na klampu weka mpya zile zisizokata mpira.