Dramu zinavuma? Shika ufunguo kabla ya tepu

Kila ninapoitwa kanisani au kwenye ukumbi wa bendi kwa sababu dramu zinavuma, hali ninayoikuta ni ileile: snea (ile dramu yenye nyaya chini yake) imebandikwa tepu mpaka katikati, tomu (dramu za kati zisizo na nyaya) zimefunikwa taulo, na mvumo bado upo. Tepu ina kazi yake, ila imewahi zamu. Kinachotangulia ni kukaza ngozi sawasawa.

Ngozi ya dramu haitoi sauti moja. Ukiipiga, inapanda na kushuka yote kwa pamoja, na hiyo ndiyo sauti nzito tunayoitaka. Papo hapo inatetemeka pia kwa vipande, nusu moja ikipanda nusu nyingine ikishuka. Kwenye utando wa duara uliokazwa sawa pande zote, masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya mtetemo huo wa pili ni kama mara 1.59 ya yale ya kwanza, na juu yake ipo mitetemo mingine mingi isiyopatana na sauti ya msingi. Ndiyo hiyo "ngiii" inayobaki fimbo ikishaondoka. Ngozi ikikazwa huku na kulegea kule, masafa yanagongana na sauti inayumba, "wawawa". Hapo hata umalize roli zima la tepu, utaua sauti nzuri na mbaya itabaki.

Anza na snea. Fungua wenzo wa pembeni ili nyaya ziachane na ngozi ya chini. Gusa katikati ya ngozi ya juu kwa ncha ya kidole, bila kugandamiza, kisha gonga kwa fimbo taratibu, kama sentimita 3 kutoka kila skrubu. Kidole kinanyamazisha sauti ya msingi na kukuachia ule mtetemo wa pili, nao ndio unaokuonyesha skrubu ipi imezidi na ipi imepungua. Kaza kwa ufunguo wa dramu, ukivuka upande wa pili, skrubu moja na ile inayotazamana nayo, robo mzunguko au chini ya hapo. Ukipitiliza, legeza hadi chini ya sauti unayoitaka kisha panda tena, maana ngozi iliyofikishwa kwa kulegezwa huendelea kushuka wakati wa kupigwa.

Geuza dramu, fanya vivyo hivyo chini. Ngozi ya chini inasahaulika miaka na miaka, na kwa tomu ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa mlio udumu kiasi gani. Ngozi mbili zenye sauti sawa huurefusha mlio. Zikiachana kidogo, unakatika mapema. Ngozi iliyobonyea badilisha tu. Kama mpigaji wako ana mkono mzito, mpe yenye matabaka mawili, kama Remo Emperor au Pinstripe.

Kuna mvumo mwingine unaosumbua zaidi kwa sababu hautoki pale unapodhani. Tomu ikipigwa, nyaya za snea zinachachatika zenyewe. Mafundi mitambo wengi huhangaika na mikseri, wakati tatizo ni kwamba sauti ya tomu iko karibu mno na ya ngozi mojawapo ya snea. Piga tomu moja moja ujue ni ipi inayoziamsha, kisha ipandishe au uishushe kidogo. Ikishindikana, legeza skrubu mbili zilizo kila upande wa mwisho wa nyaya, chini ya snea. Mchachatiko hauishi kabisa, lakini unapungua hadi bendi ikianza hausikiki.

Sasa tepu. Iweke karibu na ukingo, kipande kidogo kilichokunjwa mara mbili, kwa sababu ile mitetemo ya vipande ina nguvu huko. Ninachokipenda zaidi hakigharimu chochote: chukua ngozi kuukuu ya inchi 14, kata pete yenye upana wa sentimita 2 hivi, ilaze juu ya snea. Kwa dramu kubwa, mto mmoja uliolazwa ndani ukiigusa kidogo ngozi ya kupigwa unatosha. Ringo Starr wa Beatles alifunika ngoma zake taulo za jikoni studioni, na rekodi zile ni tamu kweli, lakini pale maikrofoni zilikuwa karibu. Ukumbini bila maikrofoni, dramu ya namna hiyo haifiki safu ya tatu.

Usihukumu mvumo ukiwa umekaa kwenye kiti cha mpigaji. Nenda katikati ya ukumbi, bendi nzima ipige, usikilize. Sehemu kubwa ya ile "ngiii" inamezwa na gitaa la besi na matoazi, na kinachobaki ndicho kinachoipa snea uhai. Kama bado inakera, angalia jengo: kati ya kuta za zege na chini ya bati lisilo na dari, sauti inarudi kutoka kila upande. Tandika zulia zito chini ya seti nzima, tundika mapazia mazito nyuma ya mpigaji, na ndipo ugeukie mikseri na kuweka geti (kinachozima maikrofoni dramu isipopigwa) kwenye maikrofoni za tomu.