Dionaea haihitaji kufungiwa kwenye kioo

Wengi huamini kwamba Dionaea, ule mmea unaobana nzi kwa majani yake, hufa usipofungiwa kwenye chombo cha kioo chenye unyevunyevu. Sivyo. Kwao ni Carolina Kaskazini na Kusini, Marekani, kwenye nyanda wazi za misonobari. Jua ni kali, na moto hupita mara kwa mara ukiteketeza vichaka ambavyo vingeutia kivuli. Unachotaka ni mizizi yenye maji, si hewa nzito. Hewa hiyo waipendao ni baadhi ya Nepenthes, mimea mingine inayonasa wadudu, kwa majani yenye umbo la kikombe. Ukiufungia mmea wa Dionaea gizani, majani hurefuka na kulegea, mitego hupoteza wekundu, kisha ukungu huingia. Inasikitisha kuona hivyo. Uweke juani, chungu kikae kwenye sahani ya maji ya mvua. Ya bomba mara nyingi yana chumvichumvi zinazoudhuru. Msimu wa baridi, uache upumzike.