Miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito: kichefuchefu, uchovu na mazoezi

Mimba changa haionekani kwa macho, lakini mwenye nayo huisikia kila saa. Majibu yafuatayo ni kwa maswali ambayo wajawazito huuliza sana kliniki katika wiki 13 za kwanza. Wiki huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si kuanzia siku mimba ilipotungwa.

Nina wiki saba. Wanasema ni kichefuchefu cha asubuhi, lakini mimi natapika mpaka jioni. Ni kawaida?

Ni kawaida. Hilo la asubuhi limewapotosha wengi, kwa sababu kichefuchefu cha mimba huja wakati wowote. Kwa walio wengi huanza karibu na wiki ya sita, hukaza kati ya wiki ya nane na ya kumi, kisha hupungua taratibu. Wengi wanakuwa wamepona ifikapo wiki ya 16 hadi 20.

Sababu yake imo mwilini. Homoni ya hCG, ileile inayosomwa na kipimo cha mkojo, hupanda kwa kasi katika wiki hizo. Mwaka 2023 watafiti walionyesha pia kuwa homoni nyingine, GDF15, inayotoka kwa wingi kwenye kijusi na kondo, ina mchango mkubwa, na kwamba wanawake hutofautiana jinsi miili yao inavyoihisi. Nayasema haya kwa ajili ya waume na mawifi wanaodhani mwanamke anadeka. Hadeki. Anaumwa na kitu kinachopimika katika damu.

Cha kufanya: weka kitu kikavu karibu na kitanda, iwe kipande cha muhogo wa kuchemsha, kiazi kitamu, mkate mkavu au biskuti isiyo na mafuta. Kula kidogo kabla ya kuinuka, kaa kidogo, ndipo ushuke. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu, kwa hiyo kula kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu badala ya kungoja sahani ya mchana. Maji yanywe kwa mafunda madogo katikati ya milo, si pamoja na chakula. Chakula kilichopoa kina harufu ndogo kuliko cha moto, na kama kuna mtu wa kukukaangia vitunguu na dagaa, mwachie jiko kwa wiki hizi.

Tangawizi inasaidia, na Shirika la Afya Duniani limeitaja miongoni mwa tiba za kichefuchefu cha mimba changa pamoja na vitamini B6. Kipande kidogo kilichopondwa kwenye maji ya moto kinatosha. Ukitapika, sukutua kwa maji na usubiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana tindikali ya tumboni hulainisha meno. Vidonge vya madini ya chuma vikikuchafua tumbo, vimeze usiku baada ya kula. Usiviache bila kumwambia mkunga.

Nitajuaje kuwa kutapika kumezidi?

Angalia mkojo wako. Ukiwa mchache, wa rangi ya chai, au umekaa saa nane bila kukojoa, umeishiwa maji. Dalili nyingine ni kushindwa kubakiza chochote tumboni kwa saa 24, hata maji, kizunguzungu unaposimama, kutapika damu na kupungua uzito. Mtu aliyekuwa na kilo 60 akipoteza zaidi ya kilo tatu, hicho si kichefuchefu cha mimba cha kuvumilia, ni ugonjwa wa kutibiwa kwa dripu na dawa. Dawa za kuzuia kutapika ambazo daktari anaweza kumpa mjamzito zipo. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kuvumilia hapa hakumsaidii mama wala mtoto.

Siwezi hata kukaa karibu na mume wangu. Harufu yake inanitapisha.

Watu husema mimba imemkataa baba. Pua ya mjamzito hunusa kwa ukali kuliko zamani, na sabuni, marashi, sigara au jasho vilivyokuwa vya kawaida vinageuka karaha. Mweleze mapema, kwa upole, kuwa si chuki. Abadilishe sabuni, aoge kabla ya kulala, dirisha liachwe wazi. Kwa kawaida huisha pamoja na kichefuchefu.

Natamani udongo mpaka nasikia harufu ya mvua na mate yanajaa. Kuna ubaya?

Kuna ubaya. Najua vijiti vya udongo, pemba kama wengi wanavyoviita, vinauzwa sokoni kando ya karanga na ndimu, na mama zetu walikula wakajifungua. Lakini udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo, na baadhi yake una madini mazito kama risasi, ambayo hupita kwenye kondo na kumdhuru mtoto. Hata ulio safi hufunga choo na huzuia mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye chakula.

Hapo ndipo penye fumbo lenyewe: hamu ya udongo, mchele mbichi, mkaa au barafu mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Kwa hiyo usione aibu kumwambia mkunga. Atapima wingi wa damu, na ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita atakupa tiba ya upungufu huo. Wengi huona hamu inapungua damu inapopanda. Wakati huo, tafuna kitu kingine: kipande cha karoti, embe bichi, ukwaju. Na chai ya majani isogeze saa moja au mbili mbali na mlo, kwani nayo huzuia chuma.

Nina uchovu, kichwa kinauma, mwili una joto. Ni mimba au malaria?

Swali hili lina uzito kuliko yote hapa, kwa sababu makosa yake huua. Uchovu wa mimba changa ni wa kweli: homoni ya projesteroni inapanda, moyo unasukuma damu zaidi, unaweza kusinzia umekaa. Kichwa kuuma kidogo nako hutokea. Kichefuchefu, umeshakijua. Dalili hizo zote zinafanana na malaria.

Lakini homa, yaani joto la nyuzi 38 au zaidi, si dalili ya ujauzito. Mjamzito mwenye homa, kutetemeka, maumivu ya viungo, anaumwa kitu kingine na anatakiwa kupimwa siku hiyo. Asinunue dawa dukani kwa kukisia, na akifika kituoni aseme kwanza kuwa ana mimba au kuwa hedhi imechelewa, hata kama hajapima. Dawa zinachaguliwa kwa kuzingatia hilo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa mseto ya ALu itumike kutibu malaria isiyo kali hata katika miezi mitatu ya kwanza. SP, vile vidonge vya kinga vinavyotolewa kliniki, havitolewi katika kipindi hiki. Vinaanza kikipita. Kwa sasa kinga yako ni chandarua chenye dawa, kila usiku.

Kwa maumivu madogo, parasetamoli ndiyo ya kwanza kufikiria. Diklofenaki na ibuprofeni ziache mpaka uambiwe na mtaalamu.

Na haja ndogo za kila mara, choo kigumu, matiti kuuma, mate kujaa?

Vyote hivyo ni vya kawaida. Haja ndogo ikichoma au ikiwa na harufu kali, kapime mkojo. Choo kigumu kinataka maji, mapapai, mboga za majani, maharage na kutembea. Matiti yanataka sidiria pana inayoshika vizuri, na mate yakikuzidi, tema, hayana dhara.

Nilikuwa nakimbia na kufanya mazoezi ukumbini. Mimba ikiwa changa si ndiyo ya kukaa kitako?

Hapana. Kama mimba haina tatizo, mazoezi ya wastani hayaitoi. Kijusi cha wiki nane kimekaa ndani kabisa ya nyonga, kimezungukwa na maji, misuli na mifupa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mjamzito asiye na kizuizi cha kiafya apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku tano, na unaweza kuigawa dakika kumi kumi.

Wastani maana yake nini? Ujipime kwa mdomo: uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema, lakini usiweze kuimba. Aliyezoea kukimbia anaweza kuendelea taratibu akijisikia vizuri. Asiyezoea aanze na kutembea dakika kumi, aongeze wiki hadi wiki. Kutembea, kuogelea, kunyoosha viungo na baiskeli ya mazoezi isiyosogea ni chaguo jema. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, kama unayezuia mkojo kwa hesabu ya tano kisha unaachia, hufanyika hata ukiwa kwenye daladala, na yatakusaidia usivuje mkojo baadaye. Yafanye kibofu kikiwa kitupu.

Siku ya kutapika sana, pumzika. Hakuna deni la kulipa kesho. Chagua asubuhi au jioni. Jua la saa saba mchana Dar es Salaam au Tanga si mahali pa kujitesa, maana joto kali la mwili halimfai mtoto katika wiki ambazo uti wa mgongo na ubongo vinaundwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kujifukiza kwenye nyungu kuache kwa sasa. Beba maji, na kula kitu kidogo kabla.

Acha michezo ya kugongana na ile ya kuanguka kirahisi: mpira wa miguu, ngumi, karate, kupanda farasi, na kuzamia kwa mitungi ya hewa. Simama mara moja ukiona damu, maji yakivuja ukeni, kifua kikiuma, ukishindwa kupumua, ukipata kizunguzungu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha, upungufu mkubwa wa damu au aliyeambiwa mlango wa kizazi ni dhaifu amuulize daktari kwanza.

Mimi sina ukumbi wa mazoezi. Nachota maji, nalima, nauza sokoni nimesimama. Na mimi nifanye mazoezi?

Dada, wewe unafanya tayari, na huenda umezidisha. Hapa ushauri mwingi unaoandikwa kwa watu wa ofisini unakosea. Anayekaa kwenye kiti siku nzima anahitaji kuinuka. Anayebeba ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji, mara sita kwa siku anahitaji kupunguziwa. Gawa ndoo iwe ya lita kumi, omba watoto wakubwa au mume wabebe, na ukiinua, chuchumaa, weka mzigo karibu na mwili, uinuke kwa miguu, si kwa kuinamisha mgongo. Sokoni tafuta kigoda, ukae na kusimama kwa zamu. Zoezi lako wewe ni kulala mchana dakika ishirini miguu imeinuliwa, na familia ihesabu hilo kama kazi.

Tumbo la chini linauma kama siku zangu, na nimeona tone la damu.

Maumivu madogo ya kuvuta, yanayokuja na kupotea, huwapata wengi tumbo la uzazi linapotanuka. Damu, hata ikiwa tone, inataka uende kuchunguzwa, ingawa mimba nyingi zenye tone la damu huendelea vizuri. Maumivu makali ya upande mmoja, bega kuuma bila sababu, kuzirai au damu nyingi: usingoje asubuhi. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo ikipasuka humwaga damu tumboni na kuua kwa saa chache.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Nilikuwa nimepanda bodaboda barabara ya mashimo. Ni kosa langu?

Si kosa lako. Katika kila mimba kumi zilizojulikana, moja au mbili hutoka, nyingi katika wiki 12 za kwanza, na sababu kubwa ni hitilafu katika kromosomu zilizotokea tangu yai na mbegu vinakutana. Mtikisiko wa barabara hauzitengenezi hitilafu hizo, wala kutembea, wala kulala na mume, wala kilio. Hatari ya bodaboda ni ajali, kwa hiyo vaa kofia ngumu na mwambie dereva apunguze mwendo. Mzigo wa kujilaumu uweke chini kabisa. Zikitoka mimba mbili au zaidi mfululizo, omba uchunguzi, mwende wote wawili.

Mama mkwe anasema nisiende kliniki mpaka tumbo lionekane, watu wasije wakaisema mimba.

Anakupenda na anahofia jicho la watu. Mheshimu, na bado nenda. Usiri unaweza kulindwa: kliniki si kutangaza. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12, kati ya mahudhurio angalau manane. Mfereji wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga karibu na wiki ya sita, wakati wengine ndio kwanza wanahisi hedhi imechelewa, ndiyo maana foliki asidi ya mikrogramu 400 kwa siku ni bora kuanza hata kabla ya kushika mimba. Ukichelewa, anza leo. Siku hiyo utapimwa presha, wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, kaswende na virusi vya Ukimwi. Nenda na mwenza wako naye apimwe, kumbuka tarehe ya hedhi ya mwisho, na dawa yoyote unayotumia, ya hospitali au ya kienyeji, ibebe uionyeshe.