Je, wajua kwa nini nyumba ya bei nafuu inaweza kuwa ghali kwa mzee?

Bibi yangu alikaa ghorofani, Mji wa Kale wa Mombasa, karibu miaka arobaini. Ngazi zilikuwa 19, za mawe, nyembamba, na pale zinapokata kona ukuta wa chokaa ulikuwa na alama nyeusi inayong'aa, ukubwa wa kiganja. Hapo ndipo alipokuwa akijishikilia kuvuta pumzi.

Kodi yake ilikuwa ndogo, majirani wakimwonea wivu. Lakini mifereji ikikauka, na Mombasa hukauka mara kwa mara, mtu wa mkokoteni alimtoza zaidi kwa kila mtungi kwa sababu ya zile ngazi. Mtoto wa kutumwa dawa alipewa chochote. Siku ya kliniki walitafutwa vijana wawili wa kumteremsha kwa kiti, na jioni wa kumpandisha. Ukijumlisha yote hayo na kodi, ile nyumba ilikuwa ghali kuliko nyingi zilizo usawa wa barabara kule Nyali, mtaa wa wenye nacho.

Ndiyo maana wanaopanga makazi ya wazee hawaanzi na bei ya nyumba. Huanza na kuuliza mzee atalipa nini kila siku kwa kuishi humo.

Tunaposema nyumba maalum za wazee, wengi hufikiria kituo cha kulelea wasiojiweza. Sivyo. Ni nyumba ya mtu mwenyewe, yenye ufunguo wake na jiko lake, ila imejengwa kwa kujua kwamba goti litauma, jicho litafifia, na usiku mmoja atahitaji wa kumwita. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 inamhesabu mtu kuwa mzee akipita miaka 60, na kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na ya serikali. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa na inayofikika. Hilo neno "inayofikika" ndilo husahaulika ramani zinapochorwa.

Na ni kwenye ramani ambako mambo huamuliwa. Chukua mlango wenye vidaraja vitatu vya sentimita 15. Mteremko salama wa kiti cha magurudumu huhitaji urefu mara kumi na mbili ya kimo chake, kwa hiyo sentimita 45 zinadai mteremko wa mita 5.4. Kama jengo limeshasimama mita tatu kutoka barabarani, utauweka wapi? Lakini kama mchoraji angeshusha sakafu tangu mwanzo, gharama ingekuwa karibu na bure. Chooni ni vivyo hivyo. Kiti cha magurudumu kinataka duara la mita moja na nusu ili kigeuke. Ukuta uwe imara pale patakapofungwa chuma cha kushikia. Na mlango ufunguke kwa nje, kwa sababu mzee akianguka ndani, mwili wake ndio unaouziba mlango unaofunguka kwa ndani. Nimeshuhudia mlango wa aina hiyo ukivunjwa kwa shoka, na sitasahau.

Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, mtaa wa zamani hapa Mombasa, ilikuwa imeshajibu nusu ya maswali haya. Iko chini, haina ghorofa. Ukumbi unapita katikati, vyumba huku na huku, na mbele kuna baraza. Mzee akikosekana barazani baada ya alasiri, kuna mtu atakayebisha hodi. Hiyo ni huduma ambayo nchi nyingine huajiri watu kuifanya. Kasoro yake ni choo: kiko nyuma, uani, sakafu imelowa, gizani, na mzee huamka mara tatu kwa usiku.

Majengo pia hutufundisha kwa nini wazee hukataa kuhamishwa. Wapwani tunajua habari ya nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Mama aliyefiwa na mume hulala chumba cha mbele na kupangisha vile vingine vitano. Vyumba hivyo ndivyo pensheni yake. Ukimpa nyumba mpya yenye chumba kimoja, hata iwe ya bure, umemnyang'anya mshahara. Mpango unaojua hilo humwachia chumba cha pili cha kupangisha, au humlipa fidia ya mwezi kwa mwezi. Usiojua humwita mkaidi.

Halafu kuna suala la mkopo. Mipango mingi ya nyumba nafuu imejengwa juu ya mtu mwenye kazi, anayelipa kidogo kidogo kwa miaka 25 au 30. Mtu wa miaka 65 akianza leo, atamaliza akiwa na 90 au zaidi, na hakuna mkopeshaji atakayekubali hesabu hiyo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imetenga nyumba za kijamii kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na hapo wazee wetu wengi wanaingia kwa urahisi. Lakini anayetegemea zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, ambazo hutolewa kuanzia miaka 70, hawezi kununua chochote. Anachohitaji ni haki ya kukaa mpaka mwisho wa uhai wake kwa kodi isiyopandishwa ovyo.

Singapore walilitatua kwa kufupisha muda. Badala ya kuuziwa nyumba kwa miaka 99, mzee hununua haki ya kuikaa miaka 15 hadi 45 kulingana na umri wake, na bei hushuka vivyo hivyo. Jengo lao la Kampung Admiralty, lililokamilika 2017, lina nyumba 104 za wazee, na ndani ya jengo hilo hilo kuna kliniki, mahali pa kula na kituo cha watoto wadogo. Mzee hahitaji kutoka jengoni kutafuta daktari wala kusubiri wiki nzima kusikia sauti ya mtoto.

Uingereza wana njia ya zamani zaidi: nyumba za sadaka, zilizowekwa kwa ajili ya wazee maskini karne nyingi zilizopita, na baadhi zinakaliwa mpaka leo. Siri yake ni ardhi. Ilitolewa mara moja, haiuzwi, kwa hiyo bei ya kiwanja haimfuati mpangaji. Sisi Mombasa hatuna haja ya kuagiza wazo hilo kutoka nje, maana tunalo na tunaliita wakfu. Mtu huifunga mali yake kwa ajili ya Mungu, isiuzwe wala isirithiwe, manufaa yake yaende kwa aliowataja. Ardhi ya kisiwa hiki imepanda bei kiasi kwamba kiwanja peke yake kinaweza kuiua nyumba nafuu kabla ya mfuko wa kwanza wa simiti. Kiwanja cha wakfu, au cha kaunti kisichouzwa, ndicho pekee ninachokiona kikibeba kodi ambayo mzee ataimudu. Mpango ungeanza kwa kuhesabu wazee kata kwa kata, kuona nani anakaa ghorofani na nani hana ardhi, kisha kutenga kiwanja karibu na zahanati, msikiti au kanisa, na steji ya matatu.

Nalisisitiza neno "karibu" kwa sababu ya bibi. Mwaka wake wa mwisho tulimtafutia chumba cha chini, safi, choo ndani, mtaa wa mbali ng'ambo ya kivuko. Alikaa siku tisa. "Mwanangu," aliniambia, "hapa hakuna anayenijua nikiitikia salamu." Tukamrudisha kwenye ngazi zake 19.