Huoti kupita kiasi, unaamka kupita kiasi

Wiki hii ni mgonjwa wa tatu. Hajakaa sawasawa kitini: "Dokta, naota usiku kucha, ubongo haupumziki. Nipe kitu cha kuzima ndoto."

Cha kuzima ndoto kipo, kinaitwa pombe. Inaibana REM, hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi, saa za mwanzo, halafu ikishaisha mwilini REM inarudi kwa kishindo alfajiri, na ndoto za hapo usiombe.

Kila mtu anaota. Hata anayeapa kwamba haoti anaota, mara nne au tano kwa usiku, kila baada ya dakika 90 hivi, na vipindi vinarefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Watafiti Aserinsky na Kleitman waliiandika REM mwaka 1953, si habari ya jana. Tofauti yako na anayelala fofofo ni kwamba wewe unagutuka katikati ya ndoto. Ndoto isiyokatizwa hufutika. Iliyokatizwa ndiyo unayokuja kunisimulia. Kwa hiyo ukisema "naota sana", mimi nasikia "naamka sana". Nyoka, mafuriko, kukimbia bila kusogea: niachie. Nataka kujua nini kinakuamsha.

Mzee mmoja alikuwa anaota anazama, kila usiku, maji tele mdomoni. Tukampima usingizi. Kwenye chati, mstari wa pumzi unalala bapa sekunde ishirini, thelathini, oksijeni inashuka, kisha mawimbi ya ubongo yanaruka kwa sekunde chache. Anavuta hewa kwa nguvu, anarudi kulala. Asubuhi hakumbuki kuamka hata mara moja, anakumbuka maji. Na ndani ya REM hali ilikuwa mbaya zaidi, maana hapo misuli ya koo nayo hulegea. Alipoanza kulala na mashine ya kusukuma hewa, bahari ikakauka.

Kwa wengine chanzo ni dawa: propranolol ya presha, efavirenz ya VVU, baadhi ya dawa za sonona. Usiziache kienyeji, zungumza na aliyekuandikia. Jinamizi lile lile linalojirudia lina tiba yake: ukiwa macho, mchana, unaipa ndoto mwisho mwingine unaoutaka wewe, unaupitia kichwani kila siku. Watu hunicheka. Wengi huwasaidia. Ukirusha ngumi na mateke usingizini, acha kusoma blogu, nenda ukapimwe.

Sasa niungame. Wapo wachache wanaoota usiku mzima kazi tu, kufagia, kutembea matopeni, wanaamka hoi, na chati yao safi kabisa. Madaktari wa usingizi Schenck na Mahowald waliwaeleza mwaka 1995, na hadi leo maelezo yangu yote ya hapo juu yanagonga mwamba kwao. Nimejaribu dawa hii na ile. Aliyepata nafuu, siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyempa.

Dada mmoja wa kundi hilo aliitazama chati yake kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo hapa inaonyesha nimelala?"

"Masaa saba na nusu."

"Basi nani amefagia?"